Sudoku: Jinsi ya kufumbua chemshabongo ya tarakimu bila kubahatisha

Sudoku ni chemshabongo ya tarakimu ambayo huchapishwa katika magazeti mengi duniani, aghalabu katika kurasa za burudani, kando ya fumbo la maneno. Wasomaji wengi huiruka wakidhani kwamba ni hesabu. Dhana hiyo si sahihi. Katika Sudoku hakuna kujumlisha, kutoa, kuzidisha wala kugawanya. Tarakimu zinazotumiwa ni alama tu, na mahali pake pangeweza kuwekwa herufi tisa au picha za wanyama tisa na fumbo likabaki lile lile.

Kinachohitajika ni kitu kimoja: uwezo wa kusema, "Hapa haiwezi kuwa hii wala ile, hivyo basi lazima iwe hii." Hiyo ndiyo mantiki, na mtu yeyote anayejua kuhesabu kutoka 1 hadi 9 anaweza kujifunza. Katika makala haya tutaeleza asili ya mchezo huu, kanuni zake, mbinu za kuufumbua hatua kwa hatua, na ukweli kuhusu faida zake kwa ubongo.

Asili ya Sudoku

Ingawa jina lake ni la Kijapani, Sudoku haikuzaliwa Japani. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, aliyeishi kati ya 1707 na 1783, aliandika kuhusu majedwali ambamo kila alama hutokea mara moja tu katika kila mstari na kila safu. Majedwali ya Euler, hata hivyo, hayakuwa na miraba midogo ya ndani, na wala hayakukusudiwa kuwa mchezo wa gazetini.

Fumbo kama tulijualo leo lilichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1979 katika jarida la kampuni ya Dell, kwa jina Number Place. Inaaminika kuwa mbunifu wake ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu kutoka jimbo la Indiana. Garns alifariki mwaka wa 1989 kabla ya kuona fumbo lake likienea duniani.

Mwaka wa 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ililichukua fumbo hilo na kulichapisha kwa jina refu lenye maana kwamba kila tarakimu sharti iwe pekee. Maki Kaji, mmoja wa waasisi wa Nikoli, alilifupisha jina hilo likawa Sudoku. Kaji alifariki Agosti 2021 akiwa na umri wa miaka 69.

Aliyeipeleka Sudoku nchi za Magharibi ni Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyekuwa jaji huko Hong Kong. Mwaka wa 1997 aliona kitabu cha mafumbo hayo katika duka moja jijini Tokyo. Kwa muda wa miaka takribani sita alitengeneza programu ya kompyuta ya kutunga mafumbo mapya. Novemba 2004 gazeti la The Times la London lilianza kuyachapisha, na katika kipindi cha miezi michache magazeti mengine yakafuata mkondo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Machi 2006 mjini Lucca, Italia, na mshindi akawa Jana Tylová wa Jamhuri ya Cheki.

Umaarufu huo haukukosa visa. Juni 2008, jijini Sydney, Australia, kesi ya dawa za kulevya iliyokuwa imeendelea kwa zaidi ya siku 60 ilivunjwa baada ya kubainika kwamba baadhi ya wazee wa baraza walikuwa wakifumbua Sudoku mahakamani. Watu walikuwa wamedhani kwamba wanaandika ushahidi, hadi ilipogunduliwa kuwa walikuwa wakiandika kutoka juu kwenda chini!

Kanuni ni tatu tu

Jedwali la Sudoku lina mistari tisa ya kulala na safu tisa za kusimama, hivyo lina vijumba 81. Jedwali hilo pia limegawanywa katika miraba tisa, kila mraba ukiwa na vijumba tisa. Baadhi ya vijumba huwa tayari vina tarakimu. Vingine ni vitupu. Kazi yako ni kujaza vilivyo vitupu kwa kuzingatia haya:

1. Kila mstari uwe na tarakimu 1 hadi 9, pasi na kurudia hata moja.
2. Kila safu iwe na tarakimu 1 hadi 9, pasi na kurudia hata moja.
3. Kila mraba uwe na tarakimu 1 hadi 9, pasi na kurudia hata moja.

Fumbo lililotungwa vyema lina jawabu moja tu. Jambo hili ni muhimu mno. Iwapo jawabu ni moja, basi kila kijumba kina tarakimu yake halali iliyokwisha kuamuliwa na zile zilizochapishwa. Hukumu imo ndani ya jedwali. Wewe unaitafuta tu.

Ili kufuata maelezo ya mbinu, chukua karatasi na penseli, unakili fumbo lifuatalo. Nukta inawakilisha kijumba kitupu. Mistari tutaihesabu kutoka juu kwenda chini, na safu kutoka kushoto kwenda kulia.

5 . . | 6 . 4 | . 7 .
. 4 6 | 3 7 . | 8 . .
7 . . | . 5 . | . 1 6
---------------------
. 5 . | 9 . . | 7 . 8
3 . 9 | . . . | 5 . 4
2 . 8 | . . 5 | . 3 .
---------------------
9 6 . | . 8 . | . . 5
. . 5 | . 9 6 | 3 8 .
. 3 . | 5 . 2 | . . 1

Fumbo hili lina tarakimu 38 zilizotolewa, hivyo ni la mwanagenzi. Vijumba 43 vinakusubiri.

Mbinu ya kwanza: Kukagua

Mwanzo wa kila fumbo ni kuchagua tarakimu moja na kuuliza: katika mraba huu, inaweza kukaa wapi? Anza na tarakimu ambayo tayari imejitokeza mara nyingi.

Tazama tarakimu 5 na mraba wa juu upande wa kulia. Mstari wa kwanza tayari una 5, na mstari wa tatu pia una 5. Hivyo basi, 5 ya mraba huo sharti ikae katika mstari wa pili. Hapo pana vijumba viwili vitupu, katika safu ya nane na ya tisa. Lakini safu ya tisa tayari ina 5, katika mstari wa saba. Kumebaki kijumba kimoja pekee: mstari wa pili, safu ya nane. Andika 5.

Sasa chukua tarakimu 4 katika mraba uo huo. Mstari wa kwanza una 4, na wa pili una 4. Mstari wa tatu una kijumba kimoja tu kitupu ndani ya mraba huo, yaani katika safu ya saba. Andika 4. Tayari umepata vijumba viwili bila kubahatisha hata mara moja.

Mbinu ya pili: Kijumba chenye chaguo moja

Mbinu ya kwanza inauliza tarakimu ikae wapi. Hii ya pili inageuza swali: kijumba hiki kinaweza kupokea nini?

Tazama kijumba cha kwanza cha mstari wa pili. Mstari huo ulichapishwa ukiwa na 4, 6, 3, 7 na 8. Safu ya kwanza nayo ina 5, 7, 3, 2 na 9. Ukiunganisha orodha hizo mbili utaona kwamba tarakimu zote zimekwisha kutajwa isipokuwa 1. Basi kijumba hicho ni cha 1, wala hakina mjadala.

Tendelea na safu iyo hiyo ya kwanza. Sasa imebakisha 4, 6 na 8, na vijumba vitatu: katika mstari wa nne, wa nane na wa tisa. Mstari wa nane una 6 na 8, hivyo kijumba chake ni cha 4. Kijumba cha mstari wa tisa hakiwezi kuwa 6 kwa kuwa mraba wa chini kushoto tayari una 6. Hicho ni cha 8. Iliyobaki ni 6, nayo huenda katika mstari wa nne. Safu nzima imekamilika.

Hapa kuna funzo: kila tarakimu unayoandika hufungua mlango mwingine. Ukishajaza kijumba, rudi ukague tena mstari wake, safu yake na mraba wake kabla ya kuhamia kwingine.

Mbinu ya tatu: Tarakimu iliyofungiwa

Wakati mwingine hujui tarakimu imo katika kijumba gani hasa, lakini unajua mstari wake. Ujuzi huo nusu nusu nao una thamani.

Tazama tarakimu 8 katika mraba wa juu wa katikati. Haiwezi kukaa katika safu ya tano, kwa sababu safu hiyo ina 8 chini yake. Haiwezi kukaa katika mstari wa pili, kwa sababu mstari huo una 8. Vimebaki vijumba viwili, na vyote vimo katika mstari wa tatu. Hatujui ni kipi, lakini tunajua hili: 8 ya mstari wa tatu imefungiwa ndani ya mraba huo wa katikati.

Sasa hamia mraba wa juu kushoto. 8 yake haiwezi kuwa katika mstari wa tatu, kama tulivyoona. Haiwezi kuwa katika mstari wa pili. Wala haiwezi kuwa katika safu ya tatu, kwa kuwa safu hiyo ina 8 katika mstari wa sita. Pamebaki mahali pamoja tu: mstari wa kwanza, safu ya pili. Andika 8.

Mbinu ya nne: Pacha

Kwa mafumbo magumu zaidi, wachezaji huandika kwa penseli, kwa maandishi madogo ndani ya kijumba, tarakimu zote zinazowezekana. Alama hizo ndizo kumbukumbu yako. Vijumba viwili vya mstari mmoja, safu moja au mraba mmoja vikiwa na tarakimu zile zile mbili tu, huitwa pacha. Hata kama hujui yupi ni yupi, pacha hao wamezichukua tarakimu hizo mbili, na wengine wote wa ukoo huo hawana haki nazo.

Mraba wa juu kushoto sasa umebakisha 2, 3 na 9. Safu ya tatu ina 9 katika mstari wa tano, hivyo 9 ya mraba huu lazima iende katika mstari wa tatu, safu ya pili. Vijumba viwili vilivyosalia, vyote katika safu ya tatu, vitagawana 2 na 3. Hao ni pacha.

Shuka sasa hadi mraba wa chini kushoto, ambao umebakisha 1, 2 na 7. Mstari wa tisa una 1 na 2, basi kijumba chake kitupu ni cha 7. Kijumba cha mstari wa saba, safu ya tatu, kingeweza kuwa 1 au 2. Lakini 2 ya safu hiyo imechukuliwa na pacha walio juu. Kwa hivyo ni 1, na 2 inaenda katika mstari wa nane, safu ya pili. Safu ya tatu imebakisha kijumba kimoja nje ya pacha, katika mstari wa nne, nacho ni cha 4.

Kufikia hapa umejaza vijumba 12. Vimesalia 31, na vyote vinafumbuka kwa mbinu hizi hizi. Kidokezo: endelea na mstari wa nne, uangalie safu ya nane.

Mbinu ya tano: Pembe nne

Mafumbo yanayoitwa magumu huhitaji kutazama mistari miwili kwa pamoja. Tuseme tarakimu 6 katika mstari wa pili inaweza kukaa katika safu ya tatu au ya saba tu, na katika mstari wa nane pia inaweza kukaa katika safu ya tatu au ya saba tu. Vijumba hivyo vinne vinaunda pembe za mstatili. Ikiwa 6 ya mstari wa pili iko katika safu ya tatu, ya mstari wa nane itakuwa katika safu ya saba, na kinyume chake. Kwa vyovyote vile, safu ya tatu na ya saba zimekwisha kupata 6 zao. Unaweza basi kuifuta 6 katika vijumba vingine vyote vya safu hizo mbili. Fumbo letu la leo halihitaji mbinu hii, lakini utakutana na mafumbo yanayoihitaji.

Kwa nini usibahatishe

Mwanagenzi akikwama hushawishika kuandika tarakimu yoyote na kusubiri matokeo. Ubaya wa kubahatisha ni kwamba kosa halijitokezi papo hapo. Unaweza kujaza vijumba 20 zaidi, kila kimoja kikionekana sawa, kabla ya kukuta 7 mbili katika mstari mmoja. Kufikia hapo hutaweza kujua kosa lilianzia wapi, na dawa yake ni kufuta jedwali zima. Haraka haraka haina baraka.

Ukikwama, fanya mambo matatu. Kwanza, kagua upya kila tarakimu kutoka 1 hadi 9 katika kila mraba. Mara nyingi kuna kitu ulichopitwa nacho. Pili, tafuta mstari, safu au mraba uliobakisha vijumba vichache zaidi. Tatu, weka karatasi kando na urudi baadaye. Jicho lililopumzika huona kilichojificha.

Kumbuka pia kwamba ugumu wa fumbo hautegemei tu idadi ya tarakimu zilizotolewa. Fumbo lenye tarakimu 24 laweza kuwa rahisi kuliko lenye 28, kulingana na mahali zilipowekwa na mbinu zinazohitajika. Januari 2012, Gary McGuire wa chuo kikuu cha University College Dublin nchini Ireland alitangaza, baada ya uchunguzi mrefu wa kompyuta, kwamba fumbo lenye jawabu moja haliwezi kuwa na tarakimu chini ya 17.

Wala usihofu kwamba mafumbo yatakwisha. Mwaka wa 2005 wanahisabati Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walikokotoa idadi ya majedwali kamili yanayowezekana, nayo ni 6,670,903,752,021,072,936,960.

Je, Sudoku huimarisha ubongo?

Mara nyingi hudaiwa kwamba Sudoku huzuia ubongo kuzeeka. Yafaa tuwe waangalifu. Utafiti uliochapishwa Desemba 2018 katika jarida la BMJ uliwafuatilia watu wa eneo la Aberdeen, Scotland, waliozaliwa mwaka wa 1936. Watafiti hawakupata ithibati kwamba shughuli za kufikirisha hupunguza kasi ya akili kudhoofika uzeeni. Walichobaini ni kwamba waliojihusisha na shughuli hizo kwa muda mrefu walikuwa na uwezo wa juu zaidi kabla ya kuanza kushuka. Mwaka wa 2019 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba, miongoni mwa watu zaidi ya 19,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliocheza mafumbo ya tarakimu mara kwa mara walifanya vyema katika majaribio ya umakini na kumbukumbu. Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba mafumbo ndiyo yaliyowaimarisha. Huenda wenye akili kali ndio hupenda mafumbo.

Faida isiyo na shaka ni nyingine. Sudoku humzoesha mtu kutoa sababu ya kila analoandika. Mwanafunzi anayelihofu somo la hisabati aghalabu hahofu tarakimu zenyewe, anahofu kuulizwa, "Umejuaje?" Katika Sudoku anajifunza kulijibu swali hilo mara 40 au 50 katika kikao kimoja, pasi na alama wala adhabu. Mzazi au mwalimu anaweza kuanza na jedwali dogo la mistari minne na safu nne, lenye tarakimu 1 hadi 4, ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analimudu. Kila anapojaza kijumba, muulize sababu. Akisema, "Kwa sababu hapa haiwezi kuwa 2 wala 3 wala 4," amekwisha kuielewa mantiki kabla ya kulijua jina lake.

Jamii zetu hazikuwa ngeni kwa michezo ya aina hii. Mchezaji wa bao huhesabu kete kabla ya kunyanyua mkono, na mtegua vitendawili huchuja majawabu kimoyomoyo kabla ya kufungua kinywa. Sudoku inadai subira ile ile.

Jawabu la fumbo letu ni hili. Usilitazame kabla ya kujaribu.

5 8 2 | 6 1 4 | 9 7 3
1 4 6 | 3 7 9 | 8 5 2
7 9 3 | 2 5 8 | 4 1 6
---------------------
6 5 4 | 9 3 1 | 7 2 8
3 1 9 | 8 2 7 | 5 6 4
2 7 8 | 4 6 5 | 1 3 9
---------------------
9 6 1 | 7 8 3 | 2 4 5
4 2 5 | 1 9 6 | 3 8 7
8 3 7 | 5 4 2 | 6 9 1

Kama jedwali lako linalingana na hili, basi fumbo la gazeti la kesho usiliruke. Kama hailingani tarakimu moja au mbili, usilifute lote. Tafuta kijumba cha kwanza ulichokijaza bila kuwa na sababu.